Kupiga picha ufukwe wa Kivu: upepo, mawe meusi na dakika ishirini za mwanga

Mpiga picha wa Lamu au Tanga akitaka kujua maji yatakuwa wapi kesho asubuhi hutazama mwezi: bamvu au maji mafu, kujaa au kupwa. Ziwa Kivu halina habari hizo. Maji yake hupanda na kushuka kidogo kidogo kufuata misimu ya mvua na kiangazi, si kufuata saa. Lakini usidhani ufukwe wa Goma au Bukavu umetulia. Hapa kinachosukuma maji ni upepo, na kinachokata mwanga ni milima. Ukishindwa kuvisoma hivyo viwili utarudi nyumbani na mawe meusi yasiyo na umbo, juu yake anga nyeupe kama karatasi.

Maelezo haya yamelenga zaidi mwenye kamera ya kubadilisha lensi. Mwenye simu ana sehemu yake huko chini, ila mambo ya mahali, saa na usalama ni yaleyale kwa wote.

1. Jua ziwa liko upande gani wako

Goma iko mwisho wa kaskazini wa ziwa, Bukavu mwisho wa kusini. Kwa hiyo Goma ukilitazama ziwa umeelekea kusini, na Bukavu umeelekea kaskazini. Hilo peke yake linabadilisha kalenda yako ya mwaka mzima. Miji yote miwili iko chini ya digrii tatu kusini mwa ikweta. Toka mwisho wa Septemba hadi katikati ya Machi, jua la mchana hupita upande wa kusini wa anga. Miezi mingine hupita kaskazini. Desemba mtu wa Goma ana jua mbele yake, juu ya maji: maji yanametameta, mawe na mitumbwi vinageuka vivuli. Juni jua liko mgongoni mwake, na hapo ndipo ile bluu na kijani ya maji inapotoka. Bukavu ni kinyume chake.

Mawio nayo huhama. Ukisimama kuelekea mashariki kamili, Juni jua huchomoza digrii 23 hivi kushoto kwako, Desemba digrii 23 kulia. Kwa Goma maana yake ni kwamba Desemba jua linasogea upande wa ziwa, na unaweza kuliweka kwenye picha moja na maji na ufukwe wa Gisenyi, mji jirani ulio Rwanda. Juni linajificha nyuma ya vilima vya Rwanda, mbali na maji. Pima kwa dira ya simu siku moja kabla, ukiwa umesimama palepale utakaposimama. Kukisia ukiwa nyumbani hakutoshi.

Bukavu ina zawadi ambayo Goma haina: rasi zinazoingia ziwani kama vidole. Kila rasi ina upande wa mashariki na upande wa magharibi. Asubuhi ukisimama upande wa mashariki unapiga picha kuelekea jua. Ukivuka upande wa magharibi, rasi ya pili iliyo mbele yako inapigwa na mwanga moja kwa moja, nyumba na miti ikiwa na rangi yake kamili. Kwa mwendo wa dakika kumi tu unapata picha mbili zisizofanana, mwanga uleule.

Kuufikia ufukwe ndiyo kazi. Sehemu kubwa imezungushiwa kuta za parseli na hoteli. Kwenye hoteli, soda moja mara nyingi inafungua mlango, ila omba ruhusa ya trepie (stendi ya kamera) mapema, maana mlinzi akiona miguu mitatu anadhani ni televisheni. Kwenye ufukwe wa wazi, kama kule Kituku mjini Goma, anza kwa shefu wa avenyu (kiongozi wa mtaa) au mkubwa wa soko. Usielekeze lensi kwenye barieri za mpaka, daraja la Ruzizi, bandari, uwanja wa ndege wala mtu mwenye silaha, hata kama mwanga hapo ni mzuri kuliko kwingine kote. Droni iache nyumbani.

2. Hesabu saa, si kwa kukisia

Jua la huku halichelewi. Karibu na ikweta linapanda karibu wima, digrii moja kila dakika nne. Mwanga wa kabla ya mawio, ule wa bluu unaofaa picha, unadumu dakika 20 hivi. Mwanga wa dhahabu baada ya mawio unadumu dakika 25, ukizidisha sana. Basi. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya vinazungumzia saa nzima ya dhahabu. Hiyo saa huku hatunayo.

Kwa Goma, jua linachomoza mapema kabisa mwanzoni mwa Novemba, simu ikionyesha 5:42 hivi, na linachelewa kabisa katikati ya Februari, karibu 6:12. Machweo ya Novemba ni 17:52 hivi, ya Februari 18:22. Bukavu ongeza dakika moja au mbili.

Hizo ni saa za upeo tambarare, na sisi hatuna upeo tambarare. Milima ya magharibi, upande wa Sake na Masisi, inakula mwisho wa siku. Hesabu yake ni rahisi: mlima unaopanda mita 1,000 juu ya ziwa, ukiwa kilomita 20 kutoka kwako, unafunika karibu digrii tatu za anga. Digrii tatu mara dakika nne ni dakika 12. Basi jua litakuacha dakika 12 kabla ya saa ya simu, na ukifika "kwa wakati" umechelewa. Bukavu ni vivyo hivyo kwa vilima vya upande wa Kahuzi. Faida yake ni kwamba jua likishazama nyuma ya mlima, anga inabaki na nguvu kwa muda, na mawingu ya juu yanaweza kushika wekundu dakika kumi na zaidi baadaye. Wengi wanakuwa wameshafunga mifuko. Wewe baki.

Ratiba ya asubuhi: fika dakika 45 kabla ya mawio. Dakika 15 za kuchagua mahali, 10 za kusimamisha trepie na kuweka fokasi, halafu dakika 20 za kupiga kabla jua halijatoka. Ukitumia moto (pikipiki) kufika, mwambie dereva mapema saa ya kukurudia, maana alfajiri si kila avenyu ina pikipiki.

3. Soma upepo kama wengine wanavyosoma mwezi

Usiku nchi kavu inapoa kuliko ziwa, na hewa inateremka kutoka milimani kwenda majini. Kwa hiyo alfajiri maji ya kando huwa laini. Ukitaka vilima viakisiwe majini, maliza kabla ya saa mbili asubuhi. Kuanzia saa nne hivi nchi imepata joto, upepo unageuka, unatoka ziwani kuja ufukweni. Alasiri mawimbi yanapiga mawe, na hapo ndipo unatafuta povu na mwendo. Kiangazi, Juni hadi Agosti, upepo wa kusini-mashariki unaongeza nguvu, na kwa kuwa Goma iko mwisho wa kaskazini, unasukuma maji kuelekea kwake. Mtu wa Goma anayetaka mawimbi atayapata Julai alasiri. Anayetaka kioo aende asubuhi ya msimu wa mvua, siku moja baada ya mvua kubwa.

Mvua pia inaosha hewa. Kiangazi vumbi na moshi wa kuchoma mashamba vinajaa bondeni, kisiwa cha Idjwi kinapotea kabisa, na mlima wa volkano wa Nyiragongo unakuwa mstari hafifu. Kuongeza rangi kwenye kompyuta hakusaidii; unaongeza moshi tu. Siku hizo badili mpango: tumia lensi ndefu, milimita 85 hadi 200, uzipange rasi na vilima vilivyofuatana, kila kimoja kikiwa chepesi kuliko kilicho mbele yake. Baada ya mvua rudi kwenye lensi pana.

Bukavu, mvua kubwa ikishanyesha, mito ya mjini inaleta udongo mwekundu na chupa za plastiki hadi ghubani. Tope hilo linaweza kuwa picha yenyewe. Kama si hiyo unayoitaka, subiri au hamia ncha ya rasi, mbali na midomo ya mito.

Kabla hujaweka begi chini, simama dakika kumi utazame maji yanafika wapi. Mawimbi makubwa huja kwa kundi, matatu au manne, halafu kimya. Jiwe lililo kavu kwa dakika mbili si jiwe kavu. Jiwe lililo kavu kwa dakika kumi unaweza kuliamini, ila begi liweke hatua tano nyuma yake.

4. Mazuku, utelezi na radi

Hatua hii usiiruke hata kama una haraka.

Kati ya Goma na Sake, na kwenye mashimo ya mawe ya volkano karibu na ziwa, kuna mazuku: gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, haionekani, na inakaa shimoni kama maji kwenye beseni. Inajaa zaidi usiku na alfajiri isiyo na upepo, yaani saa ileile unayotaka kupiga picha. Tena mpiga picha ana tabia inayomfaa mazuku kabisa: anashuka chini, anapiga magoti, analala kifudifudi ili jiwe la mbele lionekane kubwa. Mtu aliyesimama pembeni anaweza kuwa mzima wakati aliyelala anapoteza fahamu.

Basi kanuni ni hizi. Waulize wenyeji mazuku yako wapi kabla ya kushuka. Wanayajua, na watoto wanaochunga mbuzi wanayajua zaidi. Usiweke kichwa chini ya ukingo wa shimo lolote upande huo. Ukiona wadudu, ndege au mijusi waliokufa chini, au nyasi zimekauka kwa duara, ondoka. Kiberiti si kipimo, kwa sababu gesi inaweza kukuangusha kabla haijazima moto. Pumzi ikiwa fupi, kichwa kikiuma, magoti yakilegea, panda juu, usitembee mbele shimoni. Na mwenzako akianguka, usimfuate. Piga kelele watu waje na kamba. Ukimfuata mtakuwa wawili.

Mawe nayo yana mambo. Lava iliyoteremka hadi ziwani Januari 2002 bado ina makali: mguu wa trepie unaingia kwenye tundu, kiganja kinakatika ukijishika. Vaa buti zenye soli ngumu, na glavu za kazi zinafaa kuliko za baridi. Pale jiwe linapokutana na maji kuna utando wa kijani unaoteleza kama sabuni, na Goma ufukwe unaporomoka ghafla: hatua chache kutoka kando, kina kimeshakuzidi.

Radi: Kivu ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi sana duniani, na wewe umesimama wazi kando ya maji na fimbo ya aluminiamu. Hesabu sekunde kati ya umeme na ngurumo; gawanya kwa tatu, unapata kilomita. Zikishuka chini ya sekunde 30, funga. Usingoje mvua ianze.

5. Vya kubeba

Lensi pana (milimita 16 hadi 35 kwa sensa kubwa, yaani full frame; 10 hadi 22 kwa sensa ndogo, yaani APS-C) na moja ndefu. Trepie nzito kiasi. Ikiwa nyepesi, ning'iniza mfuko wa mawe katikati yake, mfuko uguse chini kidogo usije ukabembea na upepo. Filta ya polariza. Filta nyeusi ya hatua sita (hatua moja ni mwanga mara mbili, au nusu yake). Filta ya nusu giza (juu nyeusi, chini wazi) ya hatua tatu ukiweza, usipoweza kuna njia nyingine huko mbele. Pampu ya mpira ya kupuliza vumbi, vitambaa vitatu vilivyofungwa kila kimoja kwenye mfuko wake, betri mbili zilizojaa tangu mchana, kwa sababu umeme wa usiku hauna ahadi. Tochi ya kichwa yenye taa nyekundu.

Maji ya Kivu hayana chumvi ya bahari, kwa hiyo hofu ya kutu si kubwa. Adui ni vumbi la volkano. Ni gumu kama kioo kilichosagwa. Ukilifuta kwa kitambaa linachora lensi. Kwanza puliza, halafu pangusa.

6. Simamisha kamera na uweke fokasi

Chagua kitu cha mbele kwanza, mlima baadaye. Mlima hauendi popote. Tafuta jiwe lenye ukingo unaoshika mwanga, dimbwi lililobaki kati ya mawe, au kamba ya mtumbwi inayoingia majini. Weka kamera kimo cha kiuno hadi kifua. Kimo cha goti kinapendeza kwenye picha nyingine, lakini hapa mawe meusi yanapandana, unapata bonge moja la giza. Ukipanda kidogo unaona maji kati ya mawe, na maji hayo ndiyo yanayoyatenganisha.

Miguu miwili ya trepie ielekee ziwani, mmoja kwako. Sukuma kila mguu chini uone kama unacheza. Zima kitulizaji cha lensi, kile cha kuzuia mtikisiko. Tumia kuchelewesha kwa sekunde mbili ili kidole chako kisitikise.

Fokasi: kwa milimita 24 kwenye sensa kubwa, f/11 (namba ya f ni ukubwa wa tundu la lensi; ikiwa kubwa, tundu ni dogo), weka fokasi kwenye kitu kilicho mita 1.75 mbele yako, na kila kitu kutoka sentimita 90 hadi milimani kitakuwa kikali cha kutosha. Kwa milimita 18 kwenye sensa ndogo, f/8, weka kwenye mita 2, utapata kutoka mita 1 kwenda mbele. Mita 2 ni hatua mbili na nusu hivi za mtu mzima. Ukishaweka, badili iwe fokasi ya mkono, maana alfajiri kamera ikiachiwa inatafuta, inakosa, na mwanga unapita. Usiende f/22: picha nzima inalegea.

7. Mwanga na jiwe jeusi

Kosa kubwa la picha za Goma liko hapa. Kamera haijui kama jiwe ni jeusi. Inadhani kila kitu duniani ni kijivu, kwa hiyo ikiona lava inaongeza mwanga hadi lava iwe kijivu, na anga inaungua. Ukiwa na mawe zaidi ya nusu ya picha, punguza kwa hatua moja hadi moja na theluthi mbili. Asubuhi ya ukungu mweupe juu ya ziwa kosa ni kinyume: kamera inatia giza, nawe unaongeza theluthi mbili hadi hatua moja.

Hivi ndivyo inavyokwenda, dakika kumi kabla ya mawio. ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100, f/11. Pima anga peke yake: tuseme kamera inasema 1/4 ya sekunde. Pima mawe: inasema sekunde 2. Kutoka 1/4 hadi 1/2, hadi 1, hadi 2, ni hatua tatu. Filta ya nusu giza ya hatua tatu inasawazisha, ila Bukavu, penye vilima vinavyokata upeo, ukingo wa filta unatia giza kwenye vichwa vya vilima na picha inaonekana kama imepigwa lami. Hapo ni heri picha tatu bila kugusa trepie: moja ya 1/4, moja ya 1/2 au 1, moja ya sekunde 2, uziunganishe nyumbani. Rekodi RAW, faili ghafi la kamera. Kama ni mawe yaliyolowa, hesabu upya, kwa sababu lava iliyolowa ni nyeusi zaidi na hapohapo inang'aa kama kioo.

Mng'ao huo unaondolewa na polariza. Izungushe polepole hadi mng'ao ufike nusu, usiumalize. Jiwe lisilo na mng'ao hata kidogo linakuwa shimo. Polariza inakula hatua moja na nusu hadi mbili. Kwa lensi pana kuliko milimita 24 inaweza kuacha doa la bluu nzito katikati ya anga. Ukiliona, itoe.

Halafu mwanga unakimbia. Ile 1/4 inaweza kuwa 1/30 dakika kumi baadaye. Ndiyo maana usiamini kioo cha nyuma: gizani kioo kinaonekana kinang'aa, na picha nyeusi inakudanganya kuwa ni nzuri. Fungua grafu ya mwanga (histogramu: kushoto ni giza, kulia ni mwanga) kila baada ya picha mbili tatu. Mlima wa grafu usigonge ukuta wa kulia. Ukigonga wa kushoto kidogo, hapa si dhambi, ni lava.

8. Shata na maji

Mawimbi ya ziwa ni mafupi kuliko ya bahari, yanakuja kila sekunde mbili au tatu. Kwa hiyo vipimo vya kitabu cha bahari vinapita kiasi. Kwa Kivu, muda wa shata kubaki wazi, kwa sekunde: 1/500 kugandisha tone na povu, 1/4 hadi 1/2 kuonyesha maji yanavyochuruzika kutoka kwenye jiwe, sekunde 2 tayari ni ulaini, sekunde 30 ni moshi. Kipendwacho chetu ni 1/4, ukibonyeza wimbi linapoanza kurudi, si linapogonga. Likigonga unapata doa jeupe. Likirudi unapata nyuzi nyeupe juu ya jiwe jeusi, na hizo ndizo zinazoonyesha umbo la jiwe. Piga ishirini, utabakiza mbili.

Filta nyeusi ya hatua sita inazidisha muda mara 64. Ikiwa bila filta ni 1/30, nayo ni sekunde 2 na kidogo. Ya hatua kumi inazidisha mara 1,000 hivi: 1/30 inakuwa sekunde 33. Weka fokasi kabla ya kuifunga, funika tundu la kuchungulia kama kamera ni ya kioo cha ndani (DSLR), na mtu yeyote asiguse trepie.

9. Mawingu yakigeuka

Msimu wa mvua, asubuhi mara nyingi ni safi na dhoruba inakuja alasiri. Pazia la mvua likivuka ziwa kutoka upande mmoja, una picha nzuri kuliko zote za wiki: nusu ya ziwa nyeusi, nusu inang'aa. Hapo acha mambo ya hesabu ndefu. Weka f/8, ISO ya kujichagua yenye kikomo cha 1600, shata isishuke chini ya 1/125, punguza theluthi mbili ili mawingu yasiungue, na ushike kamera mkononi. Tundu la mwanga likifunguka kwenye mawingu linadumu sekunde, si dakika. Ukianza kufungua miguu ya trepie limeshafungika.

Tone likiwa kwenye lensi hulioni hadi ufike nyumbani. Tazama kioo cha mbele kila dakika mbili, lensi ielekee chini ukisubiri, na kitambaa kikilowa kichukue cha pili, usikifikiche hichohicho.

10. Machweo, wavuvi na usiku

Wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, hutoka jioni: mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa magogo, nguzo ndefu zimetokeza mbele na nyuma kushika wavu, na wanapiga makasia kwa wimbo. Usiku wanawasha taa kuita samaki. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, na wengi hawatoki. Basi panga picha hii siku za giza, mwezi mwandamo au karibu yake. Kabla hawajasukuma, nenda: "Papa, tunaomba ruhusa ya kupiga foto ya mitumbwi." Wakikubali, uliza pia wataelekea upande gani, ujue pa kusimama. Shata 1/125, f/4, ISO 800 kwenda juu. Taa zikishawaka, mtumbwi unayumba, kwa hiyo usizidi sekunde 2 hadi 4, la sivyo kila taa inakuwa mnyoo.

Wekundu wa Nyiragongo juu ya mawingu haupo kila usiku. Ukiwepo: milimita 24, f/2.8, ISO 1600, sekunde 10 hadi 20. Zaidi ya 20 nyota zinaanza kuvutika. Weka fokasi kwenye taa ya mbali, kwa mfano ya ng'ambo ya Gisenyi. Angalia grafu ya rangi nyekundu peke yake, maana inaungua wakati grafu ya jumla bado inaonekana salama. Ikiungua shuka hadi sekunde 6. Kumbuka mlima uko kaskazini mwa Goma na ziwa kusini, kwa hiyo ukitaka vyote viwili kwenye picha lazima uwe ng'ambo ya ghuba au ndani ya boti. Ndani ya boti sahau sekunde 20: vaa jile (koti la kuokolea), na shata isishuke chini ya 1/500 mchana.

Mwenye simu

Futa lensi, mafuta ya kidole ndiyo yanayofanya taa ziwe na ndevu. Gusa sehemu yenye mwanga angani, shikilia hadi ifunge, halafu shusha mwanga kidogo kwa kidole. Usivute kwa vidole viwili, sogea kwa miguu. Simu ikiwa na hali ya kitaalamu, ISO 50 au 100 na shata 1/4 juu ya jiwe lenye mchanga, simu ikiegemea begi, inatoa nyuzi za maji zilezile. Hali ya usiku ya simu inaunganisha picha nyingi na inachanganya mawimbi. Kwenye maji tulivu ni nzuri, kwenye mawimbi inaleta uji.

Ukirudi nyumbani

Nakili kadi kabla ya kulala, mahali pawili. Kwenye kompyuta anza na weusi: jiwe liwe jeusi, ila ukingo wake na nyuzi za povu zionekane. Usinyanyue vivuli vyote hadi mwisho. Lava ya kijivu inafanana na zege. Punguza bluu kidogo kwenye vivuli vya asubuhi, na upeo wa maji unyooshwe, maana ziwa lililoinama linaonekana upesi kuliko kosa lolote jingine.

Ukipeleka kuchapisha, kumbuka karatasi inameza giza zaidi ya kioo. Ongeza mwanga robo hadi theluthi ya hatua kwenye nakala ya kuchapa, na uombe kwanza kipande kidogo cha sentimita 10 kwa 15 kabla ya kulipia ile kubwa. Kishike kando ya dirisha, si chini ya taa ya duka.